Kagongwa na nyoka, bodaboda iko mlangoni: unaanzia wapi?

Haya nawaandikia manesi na matabibu wenzangu wa zahanati na vituo vya afya vya Muheza, Pangani, Mkinga mpaka Handeni, huku kwetu kwenye mkonge na minazi ambako panya hawakosekani na penye panya nyoka yupo. Mgonjwa akishafika wote tunauliza "nyoka gani?" na hapo ndo muda unakwenda, huyu anasema koboko, yule swila, mtoto anasema alikuwa wa kijani. Usingoje jibu, soma mwili wa mgonjwa. Na wakikuletea nyoka aliyeuawa usimshike kwa mkono, kichwa chake bado kinaweza kung'ata.

1. Pumzi kabla ya kidonda
Muongeleshe, mwambie ameze mate, mwambie aangalie juu. Kope zikidondoka, mate yakimtoka, sauti ikawa nzito, basi sumu imeshaingia kwenye mishipa ya fahamu, hii ndo kazi ya koboko na baadhi ya swila. Mlaze ubavu, oksijeni kama ipo, ambubegi (ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa pumzi kwa mkono) iwe mkononi sio kabatini. Huyu anakufa kwa kukosa pumzi wakati moyo bado unadunda vizuri tu, na kama kupooza kumeshakolea antivenomu, yaani dawa ya kupinga sumu ya nyoka, haimrudishi haraka, kwahiyo mnabana ambubegi kwa kupokezana njia nzima mpaka Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tanga mjini, ikibidi. Na msimuongelee vibaya hapo kichwani kwake maana hata macho yakifumba huwa anasikia.

2. Kamba na jiwe
Karibu kila mtu anafika kafungwa mpira wa baiskeli au kipande cha kanga, kimebana kweli. Usikate papo hapo! Weka dripu kwanza kwenye mkono ambao haukugongwa, ambubegi tayari, antivenomu tayari kama unayo, alafu legeza taratibu huku unamuangalia, maana sumu iliyozuiliwa inaweza kuingia yote kwa mkupuo. Jiwe la nyoka bandua, halivuti sumu. Chale usiongeze. Pete, bangili, shanga za mguuni vua mapema kabla uvimbe haujazimeza. Mguu ufunge kwenye ubao utulie, asitembee hata kwenda chooni.

3. Kalamu
Chora mstari uvimbe ulipoishia, andika saa hapohapo kwenye ngozi. Kifutu ndo bingwa wa hii, analala njiani hakimbii, mtu anamkanyaga gizani, mguu unajaa, malengelenge, maumivu makali. Malengelenge usipasue.

4. Tyubu ya kioo
Hii hatua nawaombeni msiiruke, ndo maabara yenu hata umeme ukikatika. Chukua damu ya mshipa mililita 2 au 3, mimina kwenye tyubu ya kioo safi na kavu, sio plastiki na isiwe imeoshwa na sabuni maana majibu yatakudanganya, iache imesimama bila kuguswa dakika 20, weka saa kabisa usikadirie, alafu inamisha mara moja tu. Ikimwagika kama maji damu haigandi, sumu inafanya kazi hata kama mgonjwa anacheka na ndugu zake. Fizi zikitoka damu au mkojo mwekundu ni hivyohivyo. Damu ikiwa haigandi usimchome sindano za msuli ovyo, ya pepopunda isubiri mpaka damu igande.

5. Antivenomu
Mpe mwenye dalili: kupooza, damu isiyoganda, presha kushuka, uvimbe unaopanda mbio. Asiye na dalili usimpe. Soma karatasi iliyo ndani ya boksi kwanza, iko iliyotengenezwa kwa nyoka wa India na kwa koboko wetu haisaidii. Idadi ya vichupa fuata karatasi hiyohiyo, na mtoto anapata dozi sawa na mtu mzima, hapa wengi wanabisha ila nyoka hapunguzi sumu kwasababu kagonga mtoto. Unachopunguza ni maji ya kuchanganyia. Ipite kwenye dripu kama nusu saa mpaka saa nzima, na wewe ukae hapo. Adrenalini ivutwe kwenye bomba kabla hujafungua dripu: akiwashwa, akivimba midomo, kifua kikibana, simamisha, mchome paja, mtu mzima miligramu 0.5, mtoto miligramu 0.01 kwa kila kilo. Hii inachomwa kwenye msuli hata kama damu haigandi. Baada ya saa 6 rudia tyubu.

6. Maumivu
Panadoli. Diklofenaki na aspirini hapana, zinaongeza kutoka damu.

Swila akitema machoni ni maji tu, maji mengi, yakikosekana basi hata maziwa, osha mpaka uchoke, alafu mafuta ya tetrasaiklini, na jicho lenye kidonda lipelekwe kwa daktari wa macho. Antivenomu haiingii hapo.

Asiye na dalili yoyote naye alale kituoni saa 24, ndugu watanung'unika wanataka kurudi shamba, waambie wakalete uji, na kabla hujamruhusu angalia kope tena na urudie tyubu.