Jinsi ya kupanga sehemu tofauti za kukaa darasa la awali (nilivyofanya hapa Tabora)

Walimu wenzangu wa awali, nimeulizwa sana hili swala la watoto kuchagua wenyewe pa kukaa, wengine mkekani, wengine kigodani, wengine wamesimama, bas ngoja niandike mara moja niwe nawatumia.

Kwanza kabisa usitoe madawati nje. Nasema hivi kwa sababu mnakumbuka ile kampeni ya madawati ya 2016, nchi nzima tulichanga ili mtoto asikae chini, sasa mzazi akipita dirishani akaona mwanae yuko chini anajua tumerudi kulekule. Mimi alinijia mama mmoja, "Mwalimu, mwanangu kakosa nini mpaka akae chini?" Nikamwambia dawati lipo mama, pale, tupu, yeye kataka mkeka. Tofauti ndo hiyo, kukaa chini kwa kukosa na kukaa chini kwa kupenda ni vitu viwili, na dawati tupu ndo ushahidi wako. Kwahiyo waite wazazi kabla hujaanza, wakae nao kwenye hivyo vigoda wacheke wenyewe.

Haya, vifaa. Mikeka ya ukili au ya plastiki yote sawa, ila sakafu ya saruji mvua zikianza Novemba inakuwa baridi, weka gunia chini yake. Magunia yaliyobeba tumbaku au mbolea usiguse hata ukipewa bure, na huku kwetu utapewa tu. Vigoda nenda kwa fundi seremala uombe vipande vilivyobaki, usiagize mninga utalia bei. Lakini usimwachie fundi akukadirie urefu! Atakutengenezea vya mtu mzima, mtoto ananing'inia miguu, dakika tano anaanza kujinyonganyonga unamwona mtundu kumbe mgongo unamuuma. Simamisha watoto watatu, mfupi, wa kati na mrefu, pima toka sakafuni mpaka nyuma ya goti, utapata kama sm 25 mpaka 30 hivi, hicho ndo kipimo cha kigoda. Nyayo zote zikanyage chini.

Matairi chakavu nayo yanafaa ukiyaosha ukasuka kamba katikati, ila toboa matundu upande wa chini maana yakikaa nje na mvua unafuga mbu. Mito usijaze pumba za mpunga jamani. Mimi nilijaza, wiki ya pili panya wamehamia. Tumia vitambaa vilivyokatwakatwa, muombe fundi cherehani.

Sasa kazi yenyewe, na hapa ndo wengi tunaharibu. Siku ya kwanza niliingiza kila kitu kwa pamoja, matairi yakapiganiwa mpaka mmoja akang'atwa, nikarudisha vyote stoo. Nikaanza upya na mkeka mmoja tu, saa ya hadithi, wiki nzima, afu vigoda, afu sehemu ya kusimama (ubao mrefu tu chini ya dirisha unaofika kifuani kwa mtoto), matairi mwisho kabisa.

Kuzuia ugomvi natumia vizibo vya soda. Kila sehemu ina rangi yake, vizibo vinaning'inia mlangoni, mtoto akiingia anachukua kimoja anaenda kwenye rangi hiyo, vikiisha hapo pamejaa. Nina watoto 54 (najua mwongozo unasema 25 kwa mwalimu mmoja, tuendelee) na vizibo 58: madawati 24, mikeka 18, vigoda 8, kusimama 4, matairi 4. Hivyo vinne vya ziada ni makusudi, ili hata anayechelewa naye akute cha kuchagua, la sivyo yule wa mwisho kila siku anapewa kilichobaki na ni walewale wanaotoka mbali.

Kuandika bado tunaandikia mezani au dawatini, hapo sibembelezi, mtoto anayejifunza kushika penseli akilala tumbo herufi zinaenda kaskazini. Kuhesabu vizibo, hadithi, kuchora, michezo ya kona (zile kona za kujifunzia mle darasani), hapo wachague. Na asiyeweza kutulia sehemu aliyochagua namhamisha mara moja, bila kelele, kesho anajaribu tena, simfungii wiki nzima. Mwenye ulemavu au anayeona kwa shida mpe kizibo chake mkononi mapema, asigombanie mlangoni.

Ijumaa baada ya vipindi mikeka yote inaanikwa juani na kukung'utwa pande zote mbili. Jumatatu kabla hawajaingia inua kila kitu uangalie chini, mimi nishakuta nge chini ya tairi, na ndo maana hayo matairi siku hizi yanalala yamesimamishwa ukutani.