Vuli inakaribia, safisheni mifereji ya bati

Jamani wa Mombasa, upepo wa kusi ndio huo unalegea, na vuli huanza Oktoba ikaenda hadi Disemba. Huku pwani mvua hupenda kushuka usiku na alfajiri, basi nguo zisilale kambani. Kubwa zaidi ni maji ya kukinga. Pandisheni ngazi mapema, mzoe majani ya mwarobaini na mchanga uliogandamana kwenye mfereji. Mvua ya kwanza iacheni imwagike yote: inaosha vumbi na kinyesi cha kunguru, na kunguru wamejaa mji huu. Ya pili ndiyo ya kukinga, kitambaa safi kikiwa kimefungwa mdomoni mwa pipa. Likijaa, lifunikeni barabara. Mbu wa homa ya dengi hutaga kwenye maji masafi yaliyotulia.