Zambarau usizichuje, kula na ganda lake

Jamani, msimu wa zambarau ukifika, tafadhali msichuje juisi mpaka ikabaki maji matamu tu. Ile rangi inayoshika ulimi na kuharibu mashati ya watoto ndiyo yenye faida. Inaitwa anthosayanini, na nyingi iko kwenye ganda. Forosadi nyeusi nazo zinayo.

Rangi hiyo husaidia utando wa ndani wa mishipa ya damu, ule unaotoa naitriki oksaidi, gesi inayoulegeza mshipa ili damu ipite bila kusukumwa kwa nguvu. Mwaka 2019 watafiti wa King's College London walichapisha jaribio la watu 40 wenye afya. Waliokunywa kinywaji chenye gramu 200 za bluberi (tunda dogo la rangi ya buluu) kila siku kwa mwezi mmoja, mishipa yao ilitanuka vizuri zaidi na namba ya juu ya kipimo cha presha ikashuka kwa takriban pointi 5. Ni bluberi, si zambarau, najua, lakini kundi la rangi ni lilelile, na mimi naona heri tunda la sokoni kuliko vidonge vya beri vya bei kali.

Osha, kula nzima, tema kokwa. Ukisaga, kunywa na makapi yake, na sukari iache kabatini.

Anayetumia dawa za presha asiziache hata siku moja kwa sababu ya tunda. Na anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amuulize daktari kabla ya kugusa vidonge vya beri vilivyokolezwa.