Somo: Jua watu wanakukimbia sekunde ya ngapi kwenye video yako

Wakuu salama? Naona wengi tunahangaika na idadi ya watazamaji tu, mtu akiamka anakuta 800 anafurahi siku nzima, ila hiyo namba haikwambii kama waliangalia au walichungulia wakasepa. Leo nakomaa na grafu moja tu, mengine ntayagusa juu juu.

1. Ingia YouTube Studio (sehemu ya YouTube unaposimamia chaneli yako), ikiwezekana kwenye kompyuta maana kwa simu grafu inabanana. Takwimu za chaneli nzima achana nazo kwanza, zitakuvuruga, chagua video moja halafu fungua takwimu zake.

2. Tafuta ule mstari unaoanzia juu unateremka. Unaonyesha asilimia ya watu waliobaki kila sehemu ya video. Mimi nilikuwa na video ya kusafisha kibodi ya laptop, nikaanza na muziki na nembo ya chaneli inazunguka sekunde 22 nzima (nilijiona mtaalamu kweli), mstari ukadondoka kama ndoo iliyokatika kamba kisimani, kufika sekunde ya 30 zaidi ya nusu hawapo. Ila dakika ya 3 mstari ukatoa kinundu, nikarudi kuangalia kumbe ndo pale nabandua kitufe cha spesi kwa bisibisi, watu wanarudisha nyuma waone tena. Video iliyofuata nikaanza na kitufe, nembo nikaitupa.

Kwa hiyo kinundu maana yake wanarudia, bonde wanaruka, mstari ukilala wametulia wanakusikiliza.

3. Angalia picha ya jalada imeonyeshwa mara ngapi na wangapi wamebofya. YouTube wenyewe wanasema nusu ya chaneli wanaobofya, kwa kila mara jalada linapoonyeshwa, ni kati ya 2% na 10%, so ukiona 4% usilie. Wakibofya wengi halafu mstari unadondoka mwanzoni tu, jalada lako linadanganya. Wakibofya wachache ila wakiingia wanakaa, badili jalada, video usiiguse.

4. Cheki wanatokea wapi, wa kutafuta wenyewe huwa na shida maalumu, usiwazungushe.

MASWALI

Swali: Mkuu nimepandisha jana usiku, grafu siioni, nimekosea wapi?
Jibu: Hujakosea, hiyo huchukua siku moja mbili. Na kama walioangalia ni wachache sana inaweza isitokee.

Swali: Shorts zangu (zile video fupi) zinatazamwa balaa lakini masaa ya kutazamwa hayapandi, wananiibia?
Jibu: Hahaha hapana. Tangu 31 Machi 2025 Shorts ikianza tu kucheza inahesabiwa, hata mtu akiipitisha kidole. Na masaa ya Shorts zinazopita kwa kidole hayaingii kwenye yale 4,000 ya miezi 12 yanayotakiwa ili uanze kulipwa kwa matangazo.

Swali: Nina video mwanzo wake mbovu, nifute niweke upya?
Jibu: Usifute ndugu, masaa yake yataondoka nayo kwenye hesabu ya 4,000. Kata ule mwanzo kwa kihariri cha humohumo Studio, linki na komenti zinabaki.

Swali: Mstari wangu unashuka taratibu mpaka mwisho, ni ugonjwa?
Jibu: Kila video inashuka dada. Mteremko haunisumbui, ukiona ngazi, yaani umedondoka ghafla, ndo urudi kusikiliza ulikuwa unasema nini hapo.