Namna ya kuuchukia wimbo unaobamba mtaa mzima bila kugombana na watu

Wimbo uko kila mahali, daladala, saluni, mpaka kwenye spika ya muuza maji, afu we peke yako ndo unakunja uso kila kikifika kiitikio. Sio kwamba biti mbaya, biti kali kabisa na mguu wenyewe unacheza, tatizo ni kinachosemwa. Mi nimekaa na wimbo wa hivyo karibu mwaka sasa (siutaji jina, mashabiki wake nawajua) kwa hiyo naongea kama mzoefu.

Kwanza hakikisha umesikia sawa. Vaa hedifoni, sikiliza hata mara tatu ukiwa peke yako, na usiamini sana maneno yaliyoandikwa mtandaoni maana mengi watu wameandika kwa kubahatisha. Niliwahi kumsema dada yangu wiki nzima kisa mstari mmoja, kumbe jamaa anaimba "nimpige busu", mi masikio yangu yameshika "nimpige tu". Aibu niliyoipata we acha.

Ukishasikia sawa jiulize anayeongea humo ndani ni nani na anatetea nini. Chukulia Malaika, ule wa zamani alioimba Fadhili William, kijana anamlilia mpenzi wake kwamba angemuoa ila mali hana. Ukiusikiliza na hasira utasema unafundisha mwanamke ananunuliwa, mi naona kijana analalamika, hasifii. Sasa huu wangu jamaa kakataliwa na binti, anamvizia njiani, anamfuata mpaka kwao, kiitikio kinasema akikataa ujue anaringa, na mwisho binti anakubali wote wanacheza. Hakuna hata mmoja wa kumsuta. Hapo ndo nikaona sina kosa kuuchukia.

Afu usichanganye matusi na ujumbe, hapa wengi tunateleza. Novemba 2018 BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania, waliufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond, na mchezo wenyewe ulikuwa kwenye jina la Nyegezi, ambako ni mahali kweli kule Mwanza, ila ukikata silabi ya mwisho unabaki na neno ambalo huwezi kulitamka mbele ya mama mkwe. Mwaka uliofuata huko Kenya, Ezekiel Mutua aliyekuwa bosi wa bodi ya filamu akasema nyimbo za Wamlambez na Tetema ziishie klabu na baa. Sawa, ila huu wangu hauna tusi hata moja! Unapigwa redioni saa moja asubuhi watoto wanakunywa uji, na ukilalamika mtu anakuuliza "kwani tusi liko wapi?" halafu unabaki unababaika. Ndo maana nakwambia andaa sentensi moja fupi kabisa. Yangu ni hii: unamwambia kijana msichana akikataa asimsikilize. Basi, nikishaisema hiyo siongezi.

Kuhusu kuongea na mtu anayeupenda, ukianza na "nyie mnasikiliza ujinga" umeshapoteza, yeye atatetea ujana wake wote. Anza na biti, kubali ni kali maana ni kali kweli, kisha muombe ayaseme yale maneno bila kuimba, kama anakusimulia habari ya mtu. Nilimjaribia mpwa wangu wa darasa la nne, alikuwa anaosha vyombo huku anauimba kwa nguvu zote. Nikamwambia hebu niambie taratibu, huyo kaka anafanya nini? Akaanza anacheka, kakataliwa, kamsubiri dukani, kamfuata mpaka kwao, hapo akanyamaza kidogo sahani iko mkononi, povu linamchuruzika mpaka kwenye kiwiko, akasema "anko, huyu si ataitiwa mwizi?" Sikuongeza neno. Ila bado anauimba, nisikudanganye.

Kwenye sherehe ya kwenu ongea na kamati na DJ siku mbili tatu kabla, taja wimbo mmoja au miwili basi, usimpe orodha kama ya vifaa vya shule. Usiende kumnong'oneza DJ ukumbini watu wameshasimama, maana atazima na shangazi zako watataka kujua nani kazima. Na kama bibi harusi mwenyewe ndo kauchagua aingie nao, kaa kimya ule pilau, siku ni yake.

Daladala huna la kufanya. Konda hapunguzi sauti hata uwe unaumwa kichwa. Mi siku nyingine nashuka kituo kimoja kabla natembea kwa miguu, na nikifika getini najikuta napiga mluzi wa biti hiyo hiyo.