Kutumia uganga karakanani kundi likiwa mapumzikoni

Kwenye mchezo wetu wa mezani wa kuigiza wahusika, yule mhusika wa vitabu na fimbo (wizard) tunamwita mganga. Mwanzoni tulimwita mchawi, lakini tunachezea barazani na mama mwenye nyumba hupita kila saa. Uganga ni salama zaidi.

Mchezo wenyewe ni Dungeons & Dragons, toleo la tano, kanuni za 2014. Fundi asiye na uganga, akifanya kazi saa nane kwa siku, anatengeneza kitu cha thamani ya sarafu 5 za dhahabu, na malighafi analipia nusu ya bei ya sokoni. Deraya kamili ya chuma, yaani vazi zima la vita, ni sarafu 1,500 za dhahabu. Piga hesabu: siku 300 kwenye fuawe.

Ndiyo maana watu wanakimbilia uganga uitwao Fabricate. Dakika 10 tu, malighafi inageuka bidhaa, na mganga anaupata akifika leveli ya 7. Tatizo ni kwamba wengi hawasomi mpaka mwisho. Silaha, deraya, vioo na mapambo ya vito havitoki kama huna ujuzi wa zana za kazi hiyo. Kwa hiyo anza na ujuzi. Unapounda mhusika, mpe historia (background) ya fundi wa chama, uchague zana za mhunzi. Ukikumbuka baadaye, jiandae kwa siku 250 za mafunzo, sarafu moja ya dhahabu kila siku.

Sasa niwape ugomvi wetu wa Jumamosi moja. Mimi ndiye msimulizi, yaani mwendesha mchezo. Mchezaji wangu mmoja alifungua orodha ya bei: chuma ratili moja ni sarafu moja ya fedha. Deraya ina uzito wa ratili 65. Kwa hiyo, anasema, nikitoa fedha 65, yaani dhahabu sita na nusu, napata mali ya 1,500, na kesho narudia. Alishaanza kuchora duka.

Nikamwambia asome maelezo ya deraya yenyewe. Ndani kuna buti nzito za ngozi, mikanda, na matabaka manene ya kitambaa chini ya mabamba. Fabricate inatoa bidhaa ya malighafi ileile uliyoweka. Chuma hakizai ngozi. Mabamba ni uganga mmoja, ngozi mwingine, kitambaa mwingine. Na mganga wa leveli ya 7 ana nafasi moja tu kwa siku ya kupiga uganga wa daraja la nne, ambalo ndilo la Fabricate, mbili akijirudishia kwa mapumziko mafupi. Halafu mezani kwangu malighafi ni nusu ya bei, 750, uwe na uganga usiwe nao. Kanuni hazisemi hivyo kwa Fabricate. Ni uamuzi wangu, na alinuna mpaka chai ikapoa. Wewe msimulizi, tangaza lako mapema.

Kama hamjafika leveli hiyo, Unseen Servant, mtumishi asiyeonekana anayeitwa kwa uganga, atavukuta moto na kufagia kwa saa nzima, ila nguvu zake ni 2, simhesabu kama fundi wa pili.

Ninayoipenda mimi ni Mending, uganga mdogo wa kurekebisha vitu. Dakika moja, inaziba ufa usiozidi futi moja, na haimalizi nafasi yoyote. Baada ya kupiga majambazi tuliokota ngao tatu zilizopasuka. Ngao nzima ni sarafu 10, ukiiuza unapata nusu. Dakika tatu, sarafu 15, na mganga wetu hata hakuinuka kwenye kiti.