Kujifunza mchezo wa mkakati kwa subira: mwongozo wa anayeanza na The Battle for Wesnoth

Yeyote aliyewahi kusimama nyuma ya wazee wanaocheza drafti kwa vizibo vya soda kando ya vibanda vya Buruburu ameona kwamba mshindi mara nyingi ni yule anayekawia kunyoosha mkono. Amekwisha kuliona jibu la mwenzake, na jibu la jibu hilo, kabla kizibo hakijasogea. Michezo ya mkakati ya kompyuta ni ya ukoo huohuo, ingawa imevaa nguo nyingine. Nimeicheza hapa Nairobi kwa zaidi ya miaka 15, na nimewaona vijana wengi wakiiacha baada ya wiki mbili wakidhani kwamba hawana akili ya mambo hayo. Kwa maoni yangu, walichokosa ni njia ya kujifunza, na njia hiyo ndiyo ninayotaka kuieleza hapa kwa kutumia mchezo mmoja tu, kwa kuwa anayeonja michezo kumi kwa mwezi hujua menyu za kumi zote bila kujua mkakati wa hata mmoja.

Mchezo nilioupendelea ni The Battle for Wesnoth, ulioanzishwa na David White mwaka 2003 na ambao hadi leo unaendelezwa na watu wanaojitolea. Ni programu huria: unapakuliwa bure kihalali, na ukishausakinisha hauhitaji intaneti ili kucheza kampeni zake, yaani mifululizo ya mapambano yanayofuata hadithi moja. Picha zake ni za bapa na hazihitaji mashine ya gharama, kwa hiyo laptopu ya mtumba ya kawaida inatosha. Upakue kutoka tovuti rasmi ya mchezo wenyewe, wala usipokee nakala ya flashi inayopita mkono kwa mkono, kwa sababu flashi za namna hiyo huja na virusi. Kitu kingine kinachoufaa mji wetu ni kwamba mchezo hujihifadhi wenyewe mwanzoni mwa kila zamu, hivyo umeme ukipotea na betri ikiwa imechoka, utakachopoteza ni zamu moja tu.

Anza na mafunzo yaliyomo ndani ya mchezo, hata kama unajiona mzoefu wa michezo mingine. Kisha ingia kwenye kampeni fupi ya A Tale of Two Brothers, au The South Guard, ambazo zimetengenezwa kwa kuwafikiria wanaoanza. Uwanja umegawanywa katika pembesita, na kila askari hukaa kwenye pembesita yake. Kiongozi wako huandikisha askari akiwa ndani ya ngome yake, na mara nyingi ukimuua kiongozi wa adui umeshinda, nawe ukimpoteza wako umeshindwa. Sheria za msingi utazielewa kwa jioni moja. Kazi kubwa inaanza baada ya hapo, na inaanza na ardhi.

Katika Wesnoth, uwezekano wa pigo kumpata askari hauamuliwi na ustadi wa anayepiga, isipokuwa kwa silaha chache maalumu. Unaamuliwa na mahali aliposimama anayepigwa. Binadamu wa kawaida akisimama kwenye uwanda wazi ana kinga ya asilimia 40, maana yake kila pigo lina asilimia 60 ya kumpata. Akiwa kijijini au ndani ya ngome kinga yake hupanda hadi asilimia 60. Akiwa majini hushuka hadi 20, na hapo ni sawa na mtu aliyejipeleka kichinjioni. Chukua askari wa mkuki, ambaye kila pigo lake lina nguvu 7, yaani likipata humpunguzia adui alama 7 za uhai, na hupiga mara tatu. Akimshambulia adui aliyeko uwandani, uwezekano wa mapigo yote matatu kupata ni takriban asilimia 22, na wa yote kukosa ni asilimia 6 hivi. Akimshambulia adui huyohuyo akiwa ngomeni, tarakimu hizo zinapinduka kabisa: yote kukosa ndiyo asilimia 22, na yote kupata ni 6. Askari ni mmoja, mkuki ni mmoja, lakini ni vita viwili tofauti. Kwa hiyo kabla ya kumsogeza mtu yeyote, jiulize kwanza atasimama juu ya nini zamu ya adui itakapofika, na ya pili, adui atalazimika kusimama juu ya nini ili amfikie. Swali la pili ndilo wanaoanza hawaliulizi, na ndilo lenye faida kubwa zaidi. Ukipanga watu wako ukingoni mwa mto kiasi kwamba washambuliaji hawana pa kusimama ila majini, umeshapigana nusu ya vita bila kuinua silaha.

Baada ya ardhi, jifunze saa. Siku ya Wesnoth ina zamu sita: mapambazuko, asubuhi, alasiri, machweo, kesha la kwanza na kesha la pili. Askari wa mchana, kama yule wa mkuki, huongezewa nguvu kwa asilimia 25 asubuhi na alasiri, na hupunguziwa kiasi hichohicho katika makesha mawili. Kwa askari wa usiku, kama orki, wale viumbe wakali wa hadithi za kubuni, mambo ni kinyume. Mapambazuko na machweo hayampendelei yeyote kati yao.

Tufanye hesabu kidogo, kwa kuwa hapa ndipo mchezo wote ulipo. Mchana, pigo la mkuki la 7 huwa 9, na mapigo matatu yakipata yote ni 27. Usiku huwa 5, na jumla ni 15. Orki wa daraja la kwanza (daraja ni kiwango cha ukomavu wa askari) mwenye upanga hupiga mara mbili kwa nguvu 9, ambayo usiku huwa 11 na mchana huwa 7, yaani jumla ya 22 usiku na 14 mchana. Kwa hiyo wawili hao wakikutana mchana, mtu wako ana karibu maradufu ya nguvu ya mwenzake, na wakikutana usiku wewe ndiwe unayeonewa. Anayeanza husonga mbele kila zamu kana kwamba kurudi nyuma ni aibu, halafu machweo yanamkuta katikati ya uwanda na wajeruhi kila upande. Mchezaji aliyekomaa hupanga safari yake ili afike kwa adui mapambazuko, apige asubuhi na alasiri, na ifikapo machweo watu wake wawe wameanza kurudi kwenye vijiji, vilima au ngome. Usiku awaache orki waje kwake wakipanda mlima, kisha awangojee hadi kuche. Ukijifunza mdundo huu tu, bila kitu kingine chochote, utashinda mapambano mengi ya mwanzo.

Jambo la tatu ni eneo la udhibiti. Askari wa daraja la kwanza na kuendelea huzidhibiti pembesita zote sita zinazomzunguka, na adui anayeingia katika mojawapo hulazimika kusimama papo hapo, isipokuwa wachache wenye kipawa cha kupenya. Kwa hiyo huhitaji kujenga ukuta wa watu waliobanana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Askari wawili wenye pembesita mbili tupu kati yao tayari wamefunga njia kwa zamu hiyo. Vilevile, ukimweka adui katikati ya askari wako wawili walioko pande zinazokabiliana, hawezi kukimbia zaidi ya hatua moja, kwa kuwa kila pembesita iliyo wazi kando yake iko chini ya mmoja wao. Fanyia mazoezi jambo hili kwa makusudi, hata katika mapambano mepesi ambayo ungeshinda bila hilo.

Kuhusu dhahabu nitasema kwa kifupi. Askari wa mkuki hugharimu 14, na kila askari uliyemwandikisha hudai matunzo ya kila zamu yanayolingana na daraja lake, ila kila kijiji unachomiliki hubeba daraja moja la matunzo hayo. Ukiwa na askari sita wa daraja la kwanza na vijiji vitano, unalipia mmoja tu. Hivyo tuma watu wako wenye mbio wakamate vijiji mapema, lakini usimtume mtu peke yake kijiji cha mbali ambacho huna uwezo wa kukilinda.

Uzoefu wa askari unastahili uangalifu zaidi. Kupigana tu na adui wa daraja la kwanza humpa askari wako alama 1 ya uzoefu, ilhali kumuua humpa 8, na kumuua wa daraja la pili humpa 16. Pigo la mwisho basi ni mali, na mali hugawanywa kwa akili. Mdhoofishe adui kwa askari aliyekwisha kukomaa, kisha mwachie mchanga aliyebakiza kidogo kupanda daraja apige pigo la mwisho. Askari akipanda daraja hupona majeraha yake yote palepale. Na yule aliyejeruhiwa vibaya mwondoe mstari wa mbele bila kuona haya: kijijini hupona alama 8 za uhai kwa zamu, na kama hakuhama wala kupigana huongezewa 2 za mapumziko. Katika kampeni, mzee huyo uliyemwokoa leo utamwita tena katika pambano lijalo, na thamani yake itazidi ya wageni watatu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo naliamini kuliko yote niliyoandika hapa. Usirudishe mchezo uliohifadhiwa kwa sababu tu mapigo yako yamekosa. Kishawishi ni kikubwa: umemshambulia kiongozi wa adui, mikuki mitatu yote imepita hewani, na kubofya mara mbili kungeirudisha dakika hiyo kana kwamba haikuwapo. Lakini anayecheza hivyo anajizoeza kupanga mipango inayosimama juu ya bahati, kwa kuwa bahati mbaya haimgusi kamwe, na siku atakapocheza na mtu mwenzake hatakuwa na pa kurudi. Badala yake jizoeze hivi. Kabla ya kila shambulio, dirisha la mchezo hukuonyesha hesabu ya matokeo yanayowezekana. Isome, kisha jiambie kwa maneno kamili utafanya nini mapigo yote yakikosa. Kama jibu ni kwamba kiongozi wako atauawa zamu inayofuata, shambulio hilo si zuri, hata kama uwezekano wa kufaulu ni asilimia 78. Tafuta mwingine wa kumsimamisha kando yake, au ungoje. Ruhusa ya kurudisha mchezo uliohifadhiwa naitoa kwa hali moja tu, ambayo ni pale ambapo hukuijua kanuni, na umeijua kwa kuumia.

Kila unaposhindwa, fungua daftari la kawaida la shule na uandike zamu ambayo hasara ilianza. Mchezo hukuwezesha kuutazama upya mpambano mzima hatua kwa hatua, nawe utumie nafasi hiyo. Karibu kila mara utagundua kwamba ulishindwa mapema sana kuliko ulivyodhani. Mimi niliwahi kupoteza pambano katika zamu ya 17 na kulala nikiamini kwamba orki mmoja ndiye aliyenimaliza. Nilipoutazama upya kesho yake niliona kwamba zamu ya 4 nilimtuma mpanda farasi wangu wa pekee kukamata kijiji kaskazini, akazingirwa huko, na tangu hapo ubavu wangu wa kushoto ukawa wazi. Niliandika mstari mmoja tu daftarini, nikausoma tena asubuhi nikiwa ndani ya matatu iliyokwama Barabara ya Jogoo, na saa ile ya foleni ilinifundisha zaidi ya jioni tatu za kucheza. Kufikiri mbali na skrini ni sehemu ya mchezo wenyewe.

Ukishamaliza kampeni mbili bila kurudisha mchezo uliohifadhiwa, tafuta mtu wa kucheza naye. Wesnoth huruhusu wawili kucheza kwa zamu kwenye laptopu moja, na Jumapili alasiri na chai ya maziwa zinatosha kwa pambano la uwanja mdogo. Mpe mwenzako nafasi ya kufikiri bila kumharakisha, geuza uso ikiwa mmekubaliana kuficha uwanja, na usimweleze kosa lake mpaka mchezo uishe naye aombe kuelezwa. Chagueni kundi moja la askari kila mmoja na mkae nalo kwa michezo kumi, kwa sababu kila kundi lina saa zake na ardhi yake, na hayo hayajulikani kwa kuonja. Baada ya hiyo kumi, badilishaneni makundi kwenye uwanja uleule. Utashangaa kumwona mwenzako akikusubiri kilimani usiku, mahali palepale ulipozoea kumsubiri wewe, na hapo itakubidi utafute njia ya kuupita ukuta ulioujenga mwenyewe.